Askari wa Ini

Kyalo mwanangu,

Saa hii ni saa tisa za mchana. Wewe uko Kalamba unaagana na wenzako, na mimi najua huko hamuagani kwa chai. Susu yako amelala kwenye mkeka nyuma ya jikoni, amejifunika leso usoni kwa sababu ya nzi. Nimekaa mezani na karatasi nilizochana kwa daftari lako la zamani, na nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta naandika utaniuliza, na mimi nikiulizwa ana kwa ana huwa nadanganya.

Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya sweta ya kijani. Utaiona ukifika Tseikuru, wakati hakuna mtu wa kubishana naye. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya kutolala na dirisha wazi, hayo susu yako ameyasema wiki nzima na sina la kuongeza. Na usishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili. Susu yako anasoma Biblia ya Kikamba kwa kidole, mstari kwa mstari, na karatasi yoyote ya Kikamba ikiachwa ndani ya nyumba hii yeye huiona ni yake. Kiswahili hakisomi. Humu ndani kuna maneno yanayomhusu yeye na mtoto wake aliyekufa, yaani baba yako, na bado sijamwambia.

Jumanne asubuhi nilikuwa napeta mbaazi. Ukaja ukasimama mlangoni, ukawa unaangalia kuku badala ya kuniangalia mimi. Ukasema, "Mama, si unipatie kidogo ile dawa ya mzee niende nayo? Yule askari wake." Nikakujibu, nitaona. Ukacheka kwa pua, vile yeye alikuwa akicheka, ukaenda zako.

Tangu tumzike baba yako, neno hilo halikuwa limetajwa katika boma hili. Niliendelea kupeta, na nilipoangalia chini nikakuta nimemwaga mbaazi na kubaki na makapi kwenye ungo. Kuku walifurahi.

Sikukuuliza unaitaka ya nini. Najua. Jumamosi mbili umelala Kalamba, na ukirudi unakuwa unatafuna majani ya mchungwa. Hayo majani, Kyalo, nilianza kuyanusa kabla hujazaliwa. Hakuna mlevi wa Makueni ambaye hakuamini kwamba mchungwa unaweza kumdanganya mke wake.

Ningeweza kukunyima tu na kunyamaza. Lakini huko unakoenda kufundisha ndiko nilikozaliwa, na huko miuku ni mingi kuliko watu. Muuku unaujua, ni ule mti ulio nyuma ya zizi, wenye jeraha refu kwenye shina. Ungeuona Tseikuru siku ya kwanza, ungebandua gome, ungejichemshia mwenyewe kwa sufuria ya chai. Kwa hivyo lazima nikueleze ile dawa ilikuwa nini, na mimi nilifanya nini nayo.

Nianze na mwaitu, mama yangu mzazi. Wewe ulimwona ukiwa mdogo na sidhani unamkumbuka. Alikuwa mtu wa miti. Si mtu wa ramli wala wa kutafuta nani amemroga nani, hayo aliyacheka. Yeye alijua magome, mizizi na majani, na watu walikuja kwake kutoka Kyuso na Ngomeni kwa miguu. Mwanaume akiwa na macho ya manjano na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, hawezi kula, anashika upande wa kulia wa tumbo, alipelekwa kwa mwaitu, na kila mtu alijua atapewa muuku.

Lakini hakupewa siku hiyo. Wakati huo kila mwanaume mzima alikuwa na kibuyu chake cha kunywea kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Kibuyu kilichorwa kwa kisu cha moto, alama zake zilijulikana, na hakuna mwingine angekitia mdomoni. Mgonjwa akifika, mwaitu hakumuuliza amekunywa miaka mingapi. Alisema neno moja tu, "Kibuyu." Aliyekuja nacho alikitoa mbele ya mke wake na ndugu zake, na mwaitu alikitundika ndani ya jiko letu, juu kabisa, pale moshi unapokaa. Hakikurudishwa. Aliyekuja bila kibuyu alirudishwa kwenda kukileta, hata kama ni mwendo wa siku nzima na anatapika njiani. Baada ya hapo ndipo chungu kiliwekwa motoni.

Na mtu huyo akionekana tena kwenye pombe, wenzake wenyewe walimuuliza, leo unanywea kibuyu cha nani? Wengi waliona haya wakarudi nyumbani. Si wote. Mwaitu hakuwahi kusema ni wote.

Mimi nililala chini ya vile vibuyu utoto wangu wote. Vilikuwa vyeusi, vimekauka, na upepo ukiingia viligongana. Nilikuwa naviogopa sana. Nilipookoka, nikiwa darasa la sita, mhubiri wetu alituambia miti ni ya Mungu, aliiumba siku ya tatu, lakini mambo ya kutundika vitu vya watu kwenye moshi ni mambo ya giza. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilipoolewa nikaja huku, nilikuja na miti yote kichwani na vibuyu nikaviacha kwa mwaitu. Nilijiona nimetenganisha vizuri, hii ni dawa, hii ni ushenzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijua kila kitu.

Baba yako alikuwa amekuja Tseikuru kujenga tangi la maji la shule, na ndivyo alivyonipata. Wewe unamkumbuka akiwa mgonjwa. Mimi namkumbuka akisimama juu ya ukuta wa mawe na bakuli la saruji, anapiga mluzi. Kati ya Kalamba na Kasikeu ukiona tangi la mawe ambalo halivuji, uliza, utaambiwa ni Maingi. Na ulevi wake ulianzia hapo hapo kwenye kazi. Ilikuwa desturi, tangi likijaa mvua ya kwanza, mwenye boma anamwita fundi aje kuonja maji. Alikuwa anaonja maji ya watu wengi, na hayo hayakuwa maji.

Macho yake yakageuka manjano wakati wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilimpeleka hospitali. Daktari akambonyeza chini ya mbavu akaniangalia mimi, si yeye. Akasema, "Mama, huyu aache. Si kupunguza, ni kuacha kabisa. Ini ni kama punda, linabeba bila kulia mpaka siku linalala njiani." Tulirudi nyumbani. Siku iliyofuata nikaenda nyuma ya zizi na panga, nikabandua gome la muuku, nikaliponda, nikalichemsha mpaka maji yakawa mekundu kama udongo wetu huu. Baba yako akanywa asubuhi na jioni, na pombe akaiacha kwa sababu hata harufu yake ilimtapisha. Baada ya majuma kadhaa macho yakawa meupe.

Je, ni muuku uliomponya au ni kule kuacha? Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui, kwa maana vyote viwili vilikwenda pamoja. Lakini mimi sikungoja kujua. Nilitangaza ni dawa yangu.

Sasa nakuja mahali ambapo nimesimama mara tatu nikaenda kuchungulia kama susu yako bado amelala.

Baba yako alikaa miezi mitatu bila pombe. Watu walinipongeza. Hakuna aliyejua miezi hiyo ilikuwaje ndani ya nyumba. Alikuwa anakaa juu ya lile jiwe la kunolea panga, anaangalia milima, hasemi. Ukimpelekea chakula anakula, ukimwondolea sahani hajui. Ulikuwa unamwendea unamshika goti na yeye anakuangalia kama mtoto wa jirani. Usiku alinigeuzia mgongo. Nilikuwa sijawahi kuishi na mtu huyo. Kumbe yule Maingi wa mluzi na vichekesho alikuwa nusu yake ni pombe, na nusu iliyobaki sikuijua na niliiogopa.

Halafu tangi la mwalimu mmoja wa Kasikeu likajaa. Aliitwa kuonja maji. Alirudi jua likizama, anaimba, amebeba nyama kwenye gazeti. Nilisikia harufu kabla hajavuka lango. Alikurusha juu akakudaka, ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Na moyo wangu, Kyalo, haukuvunjika. Ulifurahi. Nilisema moyoni, ahsante Mungu, amerudi.

Asubuhi niliamka mapema, nikachemsha gome, nikampelekea kitandani kwa kikombe cha enameli. Sikumgombeza. Sikumkumbusha maneno ya daktari. Alikunywa akakunja uso, akagonga ukingo wa kikombe na kijiko mara mbili, tii tii, akasema, "Sasa ini lina askari. Wezi waje tu." Nami nikacheka.

Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba peke yangu tangu wakati huo. Watu hufikiri mwanamke anashindwa kumzuia mume. Mimi sikujaribu. Nilipata njia ya kuwa naye mlevi na mzima kwa pamoja, au nilidhani nimepata, na nilikuwa naipika mwenyewe kila asubuhi.

Mwaitu alikuja kututembelea mwaka huo huo, na kuku mmoja na asali kwenye debe dogo. Asubuhi yake ya kwanza akaingia jikoni akakuta sufuria inachemka. Alionja kwa kidole. Akaangalia juu kwenye paa, akaangalia kwenye kona, akauliza, "Kibuyu chake kiko wapi?"

Nikamwambia, "Mwaitu, siku hizi hawana vibuyu. Wanakunywa kwa glasi ya baa, na glasi ni ya mwenye baa."

"Basi atakuachia nini?"

"Hayo tuliyaacha. Sisi ni watu wa kanisa. Dawa ni gome."

Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Alikuwa amechoka na safari. Akasema polepole, wala hakuwa na hasira, "Mimi nilifikiri gome ndilo lilikuwa jambo dogo."

Nilimpa chai. Akanywa, tukaongea habari za mbuzi na mvua. Alikaa siku mbili akarudi kwake, na hakutaja tena maneno hayo mpaka alipokufa mwaka uliofuata. Nilikuwa nimemkasirikia, nikisema moyoni kwamba mzee huyu hajasoma. Kumbe mimi ndiye niliyechukua dawa ya watu nikaivua nguo zote, nikabaki na maji mekundu.

Maji hayo yakapata sifa. Kalamba watu walisema, Maingi anakunywa na bado anapanda juu ya tangi, ni mke wake anampa kitu. Wakaanza kuja. Jumapili baada ya ibada ungewakuta langoni wanakohoa, kila mtu na chupa yake, wengine ni watu waliokuwa wameimba kwaya asubuhi hiyo. Niliwapa. Wengine waliniita daktari, na usifikiri sikupenda. Nilikuwa mgeni huku, mtu wa Tseikuru ambaye hata Kikamba changu kilikuwa kinachekwa, na sasa wanaume wazima walikuwa wananivulia kofia.

Mmoja alikuwa Wambua wa bucha. Unamkumbuka, alikuwa anakupa mfupa wa kucheza. Mke wake alinijia siku moja, mchana kama huu. Hakukaa. Akasema, "Mama Kyalo, nakuomba, usimpe tena. Zamani alikuwa akiumwa anaogopa anaacha wiki mbili. Sasa haogopi. Anasema amekingwa." Nikamjibu, na nakumbuka jinsi nilivyoshika kiuno nikijibu, "Mimi simimini pombe, dada. Mimi ninasaidia." Alikaza kitambaa chake kichwani akaenda. Jumapili iliyofuata nikampa Wambua chupa yake, na nikaijaza zaidi.

Wambua alikufa wakati wa kuvuna mbaazi, anatapika damu. Mjane wake hakuwahi kuniambia neno baya. Jumapili iliyopita alinishika mkono nje ya kanisa, akauliza unaondoka lini, akasema atakuombea. Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi kuzungumza. Wewe uliona ukadhani ni kwa sababu unaondoka.

Baba yako aliendelea miaka saba na askari wake. Wakati mwingine nilijiambia, si unaona, daktari alikosea. Halafu miguu ikaanza kuvimba jioni, asubuhi inapungua. Halafu ikawa haipungui. Mabega yakaisha, tumbo likajaa maji. Alilishika kwa mikono miwili akaniambia, "Mama Kyalo, nimekuwa tangi, na hili nalo halivuji." Mpaka hapo alikuwa bado anachekesha. Hospitali walimtoa maji kwa sindano, yakarudi. Wakatuambia twende naye nyumbani.

Siku ya mwisho wewe ulikuwa shuleni. Ilikuwa mchana, jua kali, mabati yanalia. Nilimletea kikombe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumletea. Nikamwinua kichwa. Kumeza kukamshinda, maji yakamtiririkia shingoni mekundu. Nikawa nampangusa. Akaniangalia kwa yale macho ya manjano akasema, "Nafikiri askari wetu naye alikuwa mlevi." Akatabasamu. Alikuwa ananibembeleza, Kyalo, anataka nicheke. Sikuweza. Hakusema jambo lingine mpaka akakata roho jioni.

Kwenye mazishi susu yako alisimama mbele ya watu wote. Alisema amezaa watoto, lakini mwenye kumtunzia mtoto ni mimi. Akasema, bila huyu mwanamke na dawa yake, Maingi angekufa zamani, huyu ameniongezea miaka saba. Watu wakasema amina. Mjane wa Wambua alikuwa safu ya pili, akasema amina na yeye.

Na haikuishia hapo. Ndugu za baba yako walipotaka shamba la chini, lile la karibu na mto, susu yako alikaa katikati ya kikao na fimbo yake akakataa. Alisema aliyemtunza mwanawe hatanyang'anywa. Shamba hilo ndilo limekulisha na kukusomesha mpaka kidato cha nne. Kila mgeni akija anamwonyesha mimi, anasema, huyu. Kila mara nainamisha kichwa na wanafikiri ni unyenyekevu.

Wewe ulikuwa kidato cha pili wakati alipokuja msichana mmoja kutoka chuo kikuu na mifuko ya nailoni na daftari. Alikuwa mpole, alisalimia kama mtu aliyelelewa. Alikuwa anakusanya miti ya ini. Alitaka kujua ni mti gani, ni gome au mzizi, unachemshwa muda gani, anapewa nani. Nilimjibu, akaandika yote niliyosema. Habari ya kibuyu sikumwambia, na yeye hakuuliza, angeulizaje? Akanieleza kwamba huko kwao watampa panya pombe mpaka ini liharibike, na wengine watapewa pombe na gome pamoja, halafu waone. Nikamuuliza, "Na hao panya, wakishapona, wanarudi kunywa?" Akacheka sana. Akasema, "Mama, panya hana hiari. Sisi ndio tunampa."

Alikata gome lake akaenda. Mimi nilibaki nimesimama pale nyuma ya zizi mpaka susu yako akaniita. Pengine watapata kitu. Pengine muuku una nguvu kweli, sitaki kuutukana mti wa mwaitu. Wakipata, nitafurahi, na nitaogopa pia.

Sijachemsha gome tangu siku aliyokufa baba yako. Lakini kuna asubuhi naamka na harufu yake imejaa jikoni, moto haujawashwa. Nasikia kijiko kwenye ukingo wa enameli, tii tii. Kile kikombe nilikizika chini ya mkonge, mbali na nyumba, na bado nakisikia. Jumapili nikitoka kanisani nasikia watu wakikohoa langoni, nikifika hakuna mtu. Mwanzoni niliomba viondoke. Siku hizi siombi hivyo. Ninapovisikia ninajua bado sijajisamehe kwa haraka. Juzi, ulipotamka lile neno mlangoni, nilisikia kijiko mchana kweupe, na ndipo nikajua kwamba sasa haviji kwa ajili yangu, vinakuja kwa ajili yako.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Dawa sikufungii. Usiitafute kwenye sanduku, hata gome la kidole kimoja halimo. Sikuambii usinywe, maana nikikuambia hivyo utanisikiliza kama unavyosikiliza habari za blanketi. Ninakuambia tu ninachojua. Siku utakapoanza kutafuta kitu cha kulinda ini ili uendelee, siku hiyo umekwisha kuchagua, na umechagua asubuhi, ukiwa na akili timamu. Baba yako alichagua namna hiyo, na mimi nilimsaidia kwa mikono yangu hii. Na yule mtu wa kimya aliyekaa juu ya jiwe miezi mitatu, najuta kwamba sikukaa naye. Labda alikuwa anakuja polepole. Labda ungekuwa na baba wa kimya mpaka leo. Wewe nawe ukinyamaza, ukiwa huko peke yako jioni bila chochote mkononi na dunia imekuwa chungu, sitakuogopa.

Nilifikiri nikuombe uniachie kitu, kama mwaitu alivyokuwa akiwaomba watu. Lakini utaniachia nini? Glasi ni ya baa. Na mimi nitakuombaje ulete cha kwako mbele ya watu, wakati changu nimekificha miaka yote hii na kinanipa shamba na heshima? Wewe unatafuna majani ya mchungwa. Mimi natafuna shukrani za susu yako.

Kesho ukishapanda gari, nitarudi nyumbani nimketishe susu yako nimwambie yote, kwa Kikamba, polepole ili asikie. Kwamba mtoto wake angeweza kuacha, kwamba kwa miezi mitatu alikuwa ameacha, na kwamba mimi ndiye niliyefurahi aliporudia. Sijui atasema nini. Huenda akanyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Huenda akawaita wale ndugu, na shamba la chini likaenda, na mimi pia. Nikifukuzwa sina kwetu pengine isipokuwa huko unakoenda, na nitakuja. Kwa hivyo, Kyalo, chumba watakachokupa huko Tseikuru, kikae kila siku katika hali ambayo mama yako anaweza kuingia bila kupiga hodi.

Ni mimi,
mama yako.